Mtahini Avuke Feri

Mhadhara wa hadhara kuhusu kusomea sanaa za maonyesho chuo kikuu, uliotolewa Likoni



Mzazi wa hapa Likoni akisikia mwanawe amechagua kusomea maigizo chuo kikuu, huuliza maswali mawili. La kwanza ni la riziki: atakula nini? La pili halisemwi kwa sauti, lakini ndilo zito zaidi: kwani maigizo nayo yanasomewa? Mtoto wa Pwani si anajua kuimba, kucheza ngoma na kuiga mwendo wa watu hata kabla hajaanza shule? Nitaanza na hili la pili, kwa sababu likijibiwa vizuri, la kwanza nalo hupata njia.

Mzazi huyo ana hoja. Tazameni vugo. Arusi iko Mtongwe, wanawake wamejipanga njiani, kila mmoja ana pembe ya ng'ombe mkono mmoja na kijiti mkono wa pili. Anayeongoza hashindani na wenziwe kwa sauti. Kazi yake kubwa ni kusikiliza. Anapima watu wamechangamka kiasi gani, anatoa ubeti, anauacha uitikiwe mara mbili tatu, kisha anaupindua. Maneno ni yaleyale, ila sasa yamemwelekea mtu. Aliyelengwa anajua. Jirani yake anajua. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya pilau hajui, na ufundi uko hapo. Kama jibu lipo, litatoka upande wa pili wa msafara kabla pembe hazijanyamaza. Katika taarab ni vivyo hivyo: mtu anainuka kwenda kutunza, na ile noti aliyoiinua inasema mengi kuliko wimbo, kwa maana ameuchagua ubeti wake na amemchagua wa kumtazama wakati anautunza. Wadigo wa upande huu wana sengenya, na yeyote aliyemwona mpiga nzumari akiwageuza wapiga ngoma wote kwa pumzi moja hatanibishia nikisema kwamba pale pana elimu.

Kwa hiyo kipaji hatukifuati chuoni, kipaji tunacho. Lakini vugo ina sharti moja ambalo huwa hatulitaji: huwakuta watu wanaojuana. Fumbo linafika kwa sababu sote tunajua nani kagombana na nani, nani kaolewa mtaa gani. Likoni ya leo, kutoka Shika Adabu hadi Timbwani, si ya watu wanaojuana hivyo. Wamekuja watu kutoka bara, kutoka Kwale, kutoka visiwani. Wanapanga nyumba ukuta kwa ukuta, wanavuka feri moja kila asubuhi, na kila mmoja ana kumbukumbu zake ambazo jirani hazijui. Ukitaka kusimama mbele ya watu kama hao na kuwaeleza jambo linalowahusu wote, mazoea ya arusini hayatoshi. Inabidi ujue kwa makusudi kile ambacho yule mama wa vugo anakijua kwa kukulia ndani yake: namna ya kuisoma hadhira, kuipa nafasi ya kujibu, na kulibeba jibu lake likiwa kali. Hicho ndicho nadai kwamba chuo kikuu kinaweza kukifundisha, na ndicho tunachopaswa kukidai kutoka kwake.

Darasani basi hufanyika nini? Mwaka wa kwanza huanza na mwili na pumzi. Mwanafunzi analala chali sakafuni, anawekewa kitabu juu ya tumbo, anaambiwa avute pumzi kitabu kiinuke na mabega yatulie. Atarudia zoezi hilo hadi aweze kusema sentensi ndefu ikasikika mwisho wa ukumbi bila yeye kupiga kelele. Anayeliona dogo ajaribu kusimulia habari za msiba kwa watu mia mbili, bila kipaza sauti, upepo wa bahari ukivuma, na koo lisikauke. Kisha yako mengine: uelekezaji, uandishi wa tamthilia, maleba, taa, upangaji wa jukwaa, hesabu za onyesho, historia ya maigizo tangu Ugiriki hadi kwetu. Sitayapitia yote. Nataka nisimame kwenye moja tu, nalo ni kule kuketi mezani na skripti kabla mtu hajainuka kuigiza.

Chukueni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, pale mwishoni. Vita vya Majimaji vimeshindwa, Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, na anatakiwa atamke kwamba maji yale ya kuzuia risasi yalikuwa uongo. Anakataa. Mwanafunzi mgeni ataisoma sehemu hiyo kwa ukali, kwani shujaa tumemzoea mkali. Mwalimu mzuri hatamwambia amekosea. Atauliza: anakataa kwa nini, ilhali yeye mwenyewe hana tena hakika na maji hayo? Hapo meza nzima huanza kubishana. Akikanusha ataokoa nini? Na nini kitapotea? Taratibu wanaona kwamba hofu yake si ya kuuawa. Anaogopa kwamba akikanusha, watoto watakaozaliwa wataambiwa wazee wao walikosea hata kule kupigana. Sasa mwanafunzi yuleyule anasoma tena, safari hii kwa sauti ya chini ya mtu anayepima kila neno, na kila aliye mezani anasikia tofauti. Saa mbili zimekwenda kwenye ukurasa mmoja. Hapa mtaani vikundi vyetu hupewa siku tatu kuandaa mchezo wa kampeni, na si kosa lao, ndivyo wanavyolipwa. Lakini zile saa mbili za ukurasa mmoja ndizo zinazomfanya mtu awe na kitu cha kusema.

Na nikimtaja Hussein nataka tumtazame yeye mwenyewe kama mwanafunzi, kwa sababu safari yake ya masomo inanisaidia kuliko hoja nyingi. Ni mtoto wa pwani ya kusini ya Tanzania, aliyezaliwa 1943. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kufundisha sanaa za maonyesho katika miaka ya 1960, alikuwa miongoni mwa waliosoma pale mwanzoni. Kinjeketile ilichapishwa 1969 naye bado ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Mashetani ikafuata 1971. Kisha akaenda Berlin Mashariki, Chuo Kikuu cha Humboldt, akaandika tasnifu ya udaktari kuhusu maendeleo ya maigizo ya Afrika Mashariki na kuikamilisha 1975. Berlin Mashariki ndiko Bertolt Brecht alikofanyia kazi zake za mwisho. Brecht alitaka mtazamaji asizame katika hisia hadi akasahau kufikiri. Alitaka mwigizaji amwoneshe mhusika huku watu wakijua kwamba anaoneshwa, ili wapate kuuliza kwa nini mambo yako hivyo na kama lazima yabaki hivyo.

Sasa tazameni alichokitoa Hussein baada ya huko. Mwaka 1976 zilitoka kwa pamoja Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, tungo za mtu mmoja peke yake jukwaani, zilizojengwa juu ya mtambaji wa hadithi wa kwetu. Mtu aliyekwenda hadi Ulaya kusomea jukwaa la kisasa alirudi na bibi anayetamba hadithi baada ya chakula cha usiku. Kwa maoni yangu hilo si jambo la bahati. Bibi anapotamba, mara yeye ni fisi, mara ni sungura, mara ametoka nje ya hadithi anakuuliza wewe ungefanyaje, kisha anarudi ndani. Yale ambayo Brecht aliyapigania dhidi ya mazoea ya kumbi za Ulaya, bibi hakuwa na haja ya kuyapigania. Hussein alihitaji elimu ya kule ili ayaone ya kwake kwa jicho la fundi, ajue kila sehemu inafanya kazi gani, halafu aitumie kwa shabaha mpya. Kama kuna picha moja ya maana ya kusomea sanaa hii ningependa mzazi aondoke nayo leo, ni hiyo.

Waliomfuata Dar es Salaam walikwenda mbele zaidi, wakatoka nje ya lango la chuo. Penina Muhando, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Profesa Mlama, na Amandina Lihamba walikuwa tayari na majina. Muhando ana Hatia, Nguzo Mama na Lina Ubani. Lihamba aliigeuza hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegal ikawa Hawala ya Fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wao na wenzao walikwenda Malya, Usukumani, wakakaa na wanakijiji. Hawakupeleka mchezo. Walianza kwa kuuliza: hapa kijijini kinachowasumbua ni nini? Vijana walisema lao, wazee lao, na hayakuwa mamoja. Matatizo yakachambuliwa hadharani, kisha yakatiwa katika ngoma na maigizo ambayo watu wa pale walikuwa wanayajua. Baada ya onyesho watu hawakutawanyika. Mjadala ulikuwa sehemu ya kazi.

Nataka tuone ugumu wa jambo hilo, maana likisimuliwa haraka linaonekana jepesi. Msomi anafika kijijini na digrii zake, kila mtu anamtazama yeye aseme. Anatakiwa anyamaze, na anyamaze kwa namna ambayo itamfanya msichana wa miaka kumi na sita azungumze mbele ya mjomba wake. Mzee akikasirika kwa alichokiona, mwelekezaji hawezi kumwambia huu ni mchezo tu, kwa sababu si mchezo tu. Augusto Boal wa Brazil naye alijenga njia inayofanana na hiyo, ya kusimamisha mchezo na kumwita mtazamaji aingie abadili mwenendo wa mhusika, na kitabu chake cha 1974 husomwa katika idara za maigizo duniani kote. Kisomwe, ni kitabu kizuri. Ila Malya nayo ina maandishi yake, aliyoyaweka Mlama katika kitabu chake cha 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo, na mwanafunzi wa Mombasa anayemjua Boal asiijue Malya hajafundishwa vizuri.

Kwetu Kenya na Uganda vyuo pia viliwahi kutoka nje. Makerere ilianzisha kikundi cha kusafiri mwaka 1965, wanafunzi wakapita mijini na vijijini wakiigiza bure kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata na cha kwake mwaka 1974. Kisha ikaja Kamiriithu, Limuru. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wote watu wa chuo kikuu, walifanya kazi na wafanyakazi wa mashamba na viwanda, wakajenga ukumbi wa wazi wa kuketisha watu 2,000, wakaigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kigĩkũyũ. Novemba 1977 kibali cha onyesho hilo kikaondolewa. Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, akakaa karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa ule ukumbi. Na mwaka huohuo Al-Amin Mazrui, mwana wa Mombasa, mwandishi wa Kilio cha Haki, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Kilio cha Haki ni tamthilia ya wafanyakazi wa shamba wanaoongozwa na mwanamke, Lanina, na ningependa kila kijana aliye hapa aisome kabla mwaka haujaisha. Msidhani hayo ni ya zamani. Aprili 2025, kule Nakuru, mabomu ya machozi yalirushwa kwenye tamasha la kitaifa la maigizo kwa sababu ya mchezo wa wasichana wa shule ya Butere. Mwenye kumwambia mtoto kwamba anasomea mzaha hajaitazama historia hii.

Nije kwenye riziki, na nitasema kwa ufupi kwa kuwa mengi mnayaona wenyewe. Kazi zipo, lakini hazina mshahara wa mwisho wa mwezi. Vikundi vinavyozunguka shule za upili vikiigiza vitabu vya mtihani, kuanzia Mashetani na Kifo Kisimani hadi Kigogo na Bembea ya Maisha, vimelisha waigizaji wengi. Tamthilia za televisheni zimerudi kuutafuta mwambao. Sultana ya Citizen iliwaonesha Wakenya kwamba lafudhi yetu inauzika. Kuna kazi ya kutia sauti filamu na tamthilia za nje. Tangu TBC ilipoirusha ile ya Kichina ya Doudou kwa Kiswahili mwaka 2011, na baadaye za Kituruki, soko la sauti zilizofunzwa limefunguka, na anayejua kupumua kwa tumbo na kusoma mstari kwa maana ana nafasi pale. Halafu kuna ualimu. Katika mtaala mpya, sekondari ya juu ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na ndani yake maigizo na filamu ni somo kamili. Somo linataka walimu, na walimu hao watatoka katika idara hizihizi tunazozibeza. Ushauri wangu kwa kijana ni mmoja: soma na sheria ya mikataba kidogo, maana wasanii wa Pwani wameimba na kuigiza miaka mingi huku fedha zikienda kwa wengine.

Sasa suala la mabinti, ambalo nimeombwa na mama wawili kabla hatujaanza nisilikwepe. Mzazi Mwislamu, na Mkristo pia, anaona binti yake atasimama mbele za watu, atavaa mavazi atakayopewa, atarudi usiku. Wasiwasi huo ni wa haki na sitaudharau. Lakini tukumbuke kwamba Pwani hii ilikuwa na jukwaa la wanawake kabla ya kuwa na jukwaa la shule. Vyama vya lelemama vya Mombasa, kama Banu Saada na Ibinaal Watan, vilikuwa na viongozi wake, sare zake, ushindani wake, na viliendeshwa na wanawake wenyewe. Vugo ni ya wanawake hadi leo. Binti anaweza kuelekeza mchezo wa wanawake mbele ya wanawake na akapewa digrii kwa hilo, tukiidai nafasi hiyo. Na mjue kwamba waliotoa kazi nzito kabisa katika fani hii Afrika Mashariki ni wanawake. Mwaka 1996 Mlama na Lihamba walianzisha Tuseme, mradi wa kuwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kutaja wenyewe yanayowakwamisha masomoni na kuyatoa kwa maigizo. FAWE, jumuiya ya Kiafrika ya elimu ya wasichana ambayo Mlama alikuja kuiongoza, iliuchukua mradi huo na kuupeleka nchi nyingine. Msichana aliyeweza kusema mbele ya walimu wake, kwa heshima, kwamba njia ya kwenda shule ina mtu anayemvizia, amefundishwa kitu ambacho sisi wazazi tulishindwa kumfundisha.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusema hapa badala ya ukumbi wa mjini.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama. Watu 272 walikufa. Humu ukumbini kuna waliofiwa. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na siku zilizofuata watu wa bara walifukuzwa, wakauawa, wakachomewa nyumba. Wengi walikimbilia kanisani. Vijana wa hapa nao wakasombwa katika misako. Waliokimbia wengine walirudi, na leo wanaishi jirani na watu ambao siku zile walikuwa upande mwingine. Kuhusu 1997 kuna ripoti za tume. Kuhusu 1994 kuna kumbukumbu za kila mwaka na majina. Lakini ripoti haiwaketishi watu pamoja. Kijana wa miaka ishirini wa Bofu ameyasikia haya vipande vipande, kila nyumba na kipande chake, na mara nyingi kipande hicho kina adui ndani yake.

Je, mwigizaji mwenye kipaji tu aachiwe kazi ya kuzileta kumbukumbu hizi jukwaani? Nasema hapana, na hapa nasema kwa nguvu zangu zote. Namna ya kumwendea mama aliyepoteza watoto majini na kumwomba asimulie ina adabu yake. Lazima ajue maneno yake yatatumika wapi, awe na haki ya kuyarudisha, ayasikie kabla ya mtu mwingine. Haifai mwigizaji alie kumshinda mwenye msiba. Haifai kuonesha maiti. Kuhusu 1997, ukimpa mhusika kabila na ukampa ubaya, umewasha moto. Marekani, Anna Deavere Smith aliwahoji watu wa Los Angeles baada ya ghasia za 1992, weusi, weupe, Wakorea, polisi, kisha akasimama peke yake jukwaani na kusema maneno yao vilevile walivyoyasema, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti na kituo cha kila mmoja. Mwili mmoja ulibeba watu ambao wenyewe wasingeketi chumba kimoja. Njia hiyo inafundishika. Ina hatua zake, makosa yake yanajulikana, na mtu anaweza kuifanyia mazoezi kwa mambo mepesi kabla hajagusa mazito. Hii ndiyo kazi ninayotaka mtoto wa Likoni akasomee, na kwa kazi hii miaka minne si mingi.

Tatizo ni kwamba anakwenda na harudi nayo. Mwenye kutaka digrii ya fani hii mara nyingi huelekea Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambako wamefundisha watu kama David Mulwa na marehemu Francis Imbuga, walimu wa kupigiwa mfano. Sehemu kubwa ya masomo katika vyuo vyetu ni kwa Kiingereza. Mchezo wa mwisho wa mwanafunzi hutazamwa na wanafunzi wenzake na walimu, katika ukumbi wenye giza, watu wakiwa kimya hadi wakati wa makofi. Tangu mwaka wa kwanza anajifunza kumridhisha mtazamaji huyo. Akirudi Likoni anakuta watazamaji wanaojibu katikati ya sentensi, wanaoinuka kwenda kuswali, wenye watoto mapajani, na anadhani hawana adabu ya ukumbi. Kumbe ni hadhira iliyolelewa na vugo na taarab, na yeye ndiye aliyesahaulishwa kuisoma.

Ninalo pendekezo, na nimeliandika pia kwa barua kwa walimu wa vyuo kadhaa. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetoka Pwani hii, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, aruhusiwe kufanyia mchezo wake wa mtihani kwao, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao. Mtahini avuke feri. Aketi pamoja nasi, asikie watu wanavyoitikia, abaki hadi mjadala uishe, na namna mwanafunzi anavyouongoza mjadala ule iwe na alama zake. Kama idara inaona gharama ya kumsafirisha mtahini ni kubwa, ilinganishe na ile ya kikundi kizima cha Makerere kilichozunguka nchi mbili mwaka 1965.

Kwetu sisi kuna wajibu wake. Uwanja tunao wa shule, na wa kanisa, na ule ulio nyuma ya soko. Ng'ambo ya pili, Mama Ngina, kuna ukumbi mzuri wa wazi uliojengwa 2019 unaokaa maelfu, lakini kwa mitihani hii ningependa tubaki huku, watu waje kwa miguu. Mchezo uanze baada ya alasiri umalizike kabla ya magharibi. Hapo hatuhitaji taa, na mwanafunzi atajifunza kufanya kazi na jua linaloshuka. Wanawake wapangiwe mahali pazuri pa kuona, si nyuma. Kibali cha chifu kiombwe mapema, na wazee wa mtaa waambiwe mchezo unahusu nini, ila wasipewe skripti waikate. Kwa michezo inayogusa 1994 au 1997, naomba wafiwa waalikwe kwanza, peke yao, siku ya mazoezi ya mwisho, nao wakisema sehemu fulani iondolewe, iondolewe.

Kuna vijana watano hapa ambao walimu wao wameniambia wamechagua mkondo wa sanaa, na wazazi wa angalau wawili wao hawajakubali. Nimemaliza yangu. Kipaza sauti kiende kwanza kwa wazazi hao, na wakinipinga wasinionee haya.